Bakteria Wanaolishwa Umeme: Kutoka Hewa Ukaa hadi Asidi ya Chumba cha Uchunguzi

Wahudumu wa afya wanaowachunguza wanawake saratani ya mlango wa kizazi, mkoani Rukwa na kwingineko nchini, wanaifahamu vyema asidi asetiki. Myeyusho wake wa asilimia 3 hadi 5 hupakwa kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye seli zisizo za kawaida hubadilika na kuwa nyeupe. Mabadiliko hayo yakigunduliwa mapema hutibiwa kabla hayajageuka kuwa saratani. Asidi hiyo ndiyo ileile inayoipa siki ukali wake. Mwanamke anayechunguzwa huisikia harufu yake tu, na ni nadra kwake kujiuliza imetoka wapi.

Sehemu kubwa ya asidi asetiki inayouzwa duniani hutengenezwa viwandani kwa kuunganisha methanoli na kaboni monoksaidi, na malighafi hizo kwa kawaida hutokana na gesi asilia au makaa ya mawe. Katika miaka ya karibuni, wanasayansi wameonyesha njia nyingine: kuchukua kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa, na kuwapa bakteria pamoja na umeme ili waigeuze kuwa asidi asetiki na kemikali nyingine zenye manufaa. Baadhi ya bakteria hao hutumiwa kama walivyo katika maumbile, na wengine hubadilishwa jeni.

Habari kama hizi zikitufikia huja na ahadi kubwa. Husemwa kwamba hewa chafu itageuzwa kuwa dawa, mafuta na chakula. Makala haya yanakusudia kumpa msomaji kipimo kimoja cha kupimia ahadi hizo, nacho ni hiki: chakula halisi cha bakteria hawa si hewa ukaa, ni umeme. Anayelielewa jambo hilo ataweza kutambua ni wapi teknolojia hii inafaa, ni wapi haijafaa bado, na kwa nini mtu wa uwanda wa juu wa Ufipa ana sababu ya kuifuatilia.

Kaboni iliyokwisha kutoa nguvu yake

Ili kuona ugumu wa kazi hii, turejee katika ufundi ambao Wafipa waliujua vizuri kabla ya kuingia kwa chuma cha viwandani. Mafundi wa Ufipa walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha karibu mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu yaliyoachwa chini bila kutumia mivukuto. Ndani yake walipanga mawe yenye madini ya chuma pamoja na mkaa. Chuma kilichopatikana kilisafishwa zaidi katika tanuri dogo, ndipo kikafuliwa kuwa majembe na zana nyingine.

Kikemia, kilichotokea ndani ya ilungu ni mabadilishano. Katika jiwe la madini, chuma kimeshikamana na oksijeni na kimepokonywa elektroni, yaani zile chembe ndogo mno zinazobeba umeme. Mkaa ni kaboni yenye elektroni za kutoa. Katika joto kali, kaboni hukipa chuma elektroni na kuipokea oksijeni. Chuma hubaki kikiwa safi, na kaboni hutoka tanurini ikiwa imegeuka hewa ukaa.

Hivyo basi, hewa ukaa ni kaboni iliyokwisha kutoa. Ni kama majivu: haiwaki, haina nishati ya kutumia, na haigeuki kuwa kitu kingine kwa urahisi. Miili yetu nayo hufanya vivyo hivyo, kwani ugali tunaokula hutoa elektroni zake ndani ya seli, mwili hupata nguvu, na kaboni iliyobaki hutolewa kwa pumzi. Kuigeuza hewa ukaa iwe asidi, alkoholi au sukari ni kuirudisha safari nzima kinyumenyume. Lazima mtu azirudishe elektroni zilizotolewa. Mahindi na ulezi wa Ufipa hufanya kazi hiyo kila siku kwa nguvu ya jua. Bakteria tunaowazungumzia hutumia njia nyingine.

Bakteria walioijua kazi hii kabla yetu

Wapo bakteria ambao huishi kwa kuunganisha hewa ukaa na gesi ya haidrojeni, na kutoa asidi asetiki. Huishi mahali pasipo na oksijeni, kama vile kwenye matope na ndani ya matumbo ya wanyama. Njia yao ya kikemia huitwa njia ya Wood na Ljungdahl, kwa heshima ya watafiti wawili walioieleza. Molekuli mbili za hewa ukaa hupokea elektroni 8 na kuunganishwa kuwa molekuli moja ya asidi asetiki.

Tusiwachanganye na bakteria wanaochachusha pombe ya ulezi ikawa siki. Wale wa siki huanza na alkoholi, ambayo bado ina nishati nyingi, na huhitaji oksijeni. Hawa wengine huanza na majivu, yaani hewa ukaa, na oksijeni huwadhuru.

Msomaji asidhani kwamba viumbe hawa wako mbali naye. Baadhi yao huishi katika utumbo mpana wa binadamu. Tunapokula vyakula vyenye nyuzinyuzi kama maharage, bakteria wengine huvichachusha na kutoa haidrojeni na hewa ukaa, nao hawa huzikusanya gesi hizo na kuzigeuza kuwa asetati, ambayo mwili hufyonza na kuitumia kama chanzo cha nguvu. Katika utumbo wa baadhi ya watu, kazi hiyo ya kukusanya haidrojeni hufanywa pia na vijidudu vya kundi la arkea, ambavyo hutoa gesi ya methani. Ndiyo maana methani huweza kupimwa katika pumzi ya watu hao.

Kazi kama hiyo hufanyika kwa kiwango kikubwa mno katika Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika vilindi vya ziwa hilo zimehifadhiwa takribani kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Sehemu ya methani hiyo imetokana na vijidudu kuunganisha hewa ukaa na haidrojeni. Tangu mwaka 2016, mtambo wa KivuWatt nchini Rwanda huivuta gesi hiyo na kuzalisha hadi megawati 26 za umeme. Kwa hiyo, katika Ziwa Kivu vijidudu wameipa hewa ukaa elektroni, na binadamu anazichukua tena kama umeme. Maabara zinataka kufanya kinyume chake, yaani kutia umeme na kupata kemikali.

Jinsi bakteria wanavyolishwa umeme

Mtambo wenyewe ni rahisi kuuelezea. Ni chombo chenye maji na vijalizo vya madini, chenye vijiti au bamba mbili za kupitishia umeme. Upande mmoja, umeme huvunja maji na kutoa oksijeni. Upande wa pili, uitwao kathodi, ndiko elektroni zinakoingilia, na hapo huwekwa bakteria. Hewa ukaa hupulizwa ndani ya maji kama viputo.

Mwaka 2010, kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, akiwamo Kelly Nevin na Derek Lovley, kilichapisha matokeo ya jaribio la bakteria aitwaye Sporomusa ovata. Bakteria hao walijenga utando mwembamba juu ya kathodi, wakapokea elektroni, na kutoa asidi asetiki pamoja na kiasi kidogo cha kemikali nyingine. Zaidi ya asilimia 85 ya elektroni walizopewa zilionekana katika kemikali hizo. Kwa maneno mengine, ni elektroni chache tu zilizopotea.

Zipo njia mbili za kuzifikisha elektroni kwa bakteria. Ya kwanza ni hiyo ya kuzipokea kwenye kathodi yenyewe. Ya pili ni kutumia umeme kutengeneza kwanza kibebeo, kama haidrojeni au asidi fomiki, kisha bakteria wale kibebeo hicho. Njia ya pili hufanya kazi kwa kasi zaidi, kwa sababu bakteria wanaweza kuenea katika maji yote badala ya kubanana juu ya bamba moja. Ndiyo inayotumiwa zaidi katika mitambo mikubwa.

Mabadiliko ya jeni yanaingia wapi?

Bakteria katika hali yake ya asili hutengeneza kile kinachomfaa yeye. Akiachwa hivyo, hutoa asidi asetiki au hujilimbikizia akiba ya chakula chake. Ili atengeneze kitu tunachokitaka sisi, hupandikizwa jeni zinazoelekeza utengenezaji wa vimeng'enya vipya, na huzimwa jeni zinazopoteza kaboni kwenye njia nyingine.

Ufundi huu si mgeni katika hospitali zetu. Insulini ya binadamu ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na bakteria waliobadilishwa jeni mwaka 1978, na mwaka 1982 ikaidhinishwa kutumiwa na wagonjwa nchini Marekani. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo hutengenezwa kwa hamira iliyobadilishwa jeni. Hata hivyo, bakteria na hamira hao hulishwa sukari, nayo sukari hutoka shambani. Jambo jipya katika utafiti tunaoueleza ni kuiondoa sukari na kuweka hewa ukaa na umeme mahali pake.

Hatua kadhaa zimepigwa. Mwaka 2012, kikundi cha James Liao katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilitumia umeme kugeuza hewa ukaa kuwa asidi fomiki, kisha kikawalisha bakteria aitwaye Ralstonia eutropha aliyebadilishwa jeni. Bakteria hao walitoa alkoholi zinazoweza kutumika kama mafuta ya injini. Umeme pia ulizalisha kemikali kali zilizowadhuru bakteria, na dawa yake ilikuwa nyepesi ajabu: watafiti waliizungushia elektrodi chungu cha kauri chenye vitundu vidogo, kemikali hizo zikapoteza ukali kabla ya kuwafikia bakteria.

Mwaka 2016, Pamela Silver na Daniel Nocera wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzao, waliunganisha mtambo wa kuvunja maji na bakteria huyohuyo. Walikadiria kwamba mfumo huo ukiunganishwa na paneli za jua, karibu asilimia 10 ya nishati ya jua ingehifadhiwa katika bidhaa za bakteria, wakati mimea mingi ya shambani huhifadhi asilimia 1 au pungufu. Mwaka 2019, kikundi cha Ron Milo katika Taasisi ya Weizmann nchini Israeli kilitangaza kuwa kimefanikiwa kumgeuza Escherichia coli, ambaye kwa kawaida hula sukari, aujenge mwili wake wote kwa kaboni ya hewa ukaa huku akipata nishati kutoka kwa fomati, kemikali inayoweza kutengenezwa kwa umeme.

Kibiashara, mfano ulio karibu zaidi unatoka Finland. Kampuni ya Solar Foods hutumia umeme kuvunja maji, kisha huwalisha bakteria wa asili haidrojeni na hewa ukaa, na kuvuna unga wenye protini nyingi. Unga huo uliidhinishwa kuwa chakula nchini Singapore mwaka 2022, na kiwanda cha kampuni hiyo kilichopo Vantaa kilianza kazi mwaka 2024.

Hesabu ya umeme

Sasa tupime. Kutengeneza kilo moja ya asidi asetiki kunahitaji takribani kilo moja na nusu ya hewa ukaa. Hiyo si tatizo, kwani ipo tele. Umeme je? Kwa kanuni za kemia, hata katika mtambo usiopoteza chochote, kilo hiyo huhitaji karibu uniti 4. Mitambo halisi hupoteza. Ikifanya kazi kwa volti 3, kilo moja huhitaji zaidi kidogo ya uniti 10, hata kama kila elektroni itafika inapotakiwa. Bado hatujahesabu umeme wa kusukuma gesi wala nishati ya kuitenga asidi na maji, kazi iliyo ghali kwa sababu asidi inayotoka kwa bakteria huwa imechanganyika na maji mengi mno.

Kilo moja ya asidi asetiki hutosha kutengeneza lita 20 za myeyusho wa asilimia 5. Kwa kuwa kila mwanamke anayechunguzwa hutumiwa mililita chache tu, lita hizo ni nyingi. Kwa mtazamo huo, uniti 10 zaonekana bei nafuu.

Lakini katika kituo cha afya, kila uniti ina kazi nyingine inayoisubiri. Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, ile ya kutoa lita 5 kwa dakika, hutumia takribani wati 350. Uniti 10 huiendesha kwa zaidi ya saa 28. Mtoto mwenye nimonia kali anaweza kuhitaji saa hizo zote. Umeme huohuo hupoza jokofu la chanjo, huchemsha vifaa vya upasuaji na huangaza chumba cha kujifungulia. Asidi asetiki inaweza kununuliwa na kusafirishwa katika chupa, haiozi upesi, na haihitaji jokofu. Kuitengeneza kwa umeme mahali penye uhaba wa umeme si uamuzi wa busara.

Hali ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko mbali na vyanzo vikubwa vya umeme wa nchi. Kwa miaka mingi umetegemea umeme unaonunuliwa Zambia na kuletwa kupitia Mbala, pamoja na mitambo ya dizeli. Ujenzi wa njia kubwa ya kusafirisha umeme ya kuunganisha Tanzania na Zambia, inayopangwa kufika Sumbawanga, umekusudiwa kubadilisha hali hiyo.

Umeme wa dizeli hauna nafasi kabisa katika teknolojia hii. Kuchoma dizeli hutoa hewa ukaa, na nguvu inayopatikana haiwezi kuirudisha hewa ukaa yote iliyotoka. Ni sawa na kuteka maji kisimani kwa ndoo inayovuja ili kukijaza kisima hichohicho. Hesabu hukaa sawa pale tu umeme unapotoka kwenye maji, jua, upepo au jotoardhi, na hasa pale unapokuwa wa ziada, kama vile umeme wa paneli za jua saa sita mchana wakati matumizi ni madogo.

Malighafi ya upande wa pili haiko mbali. Katika Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, hewa ukaa hutoka ardhini yenyewe kutokana na asili ya volkano ya eneo hilo, na huko Kyejo huvunwa kwa ajili ya viwanda vya vinywaji. Kwa hiyo, endapo siku moja nyanda za juu kusini zitakuwa na umeme safi wa ziada, masharti mawili makuu yatakuwa yametimia katika ukanda mmoja. Hilo ni jambo la kupangwa na wahandisi na wachumi. Kwa sasa, manufaa ya karibu zaidi kwa sekta ya afya huenda yasiwe asidi asetiki, ambayo ni rahisi kununua, bali kemikali zenye thamani kubwa kwa kiasi kidogo, ambazo bei yake inaweza kubeba gharama ya umeme.

Maswali ambayo wagonjwa huweza kuuliza

Je, bakteria hawa wanaweza kuniambukiza? Aina zilizotajwa hapa kwa ajili ya kazi hii, kama Sporomusa na Ralstonia eutropha, si vimelea vya kawaida vya binadamu, na E. coli wa maabara huchaguliwa miongoni mwa aina zisizosababisha ugonjwa. Hata hivyo, viumbe vyote vilivyobadilishwa jeni hufugwa ndani ya vyombo vilivyofungwa, na hapa nchini matumizi yake husimamiwa na Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kemikali yoyote ya kutumiwa kwa mgonjwa lazima pia isafishwe na kupimwa ubora, kwa njia yoyote itakayokuwa imetengenezwa.

Je, teknolojia hii inaweza kusafisha hewa ya nyumbani kwangu? Hapana. Kwenye baridi ya Ufipa, hasa miezi ya Juni na Julai, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Gesi inayoua hapo hasa ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kinga yake ni kutolala na jiko la mkaa ndani na kuhakikisha hewa inapita. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa wa nyumba moja ni dalili ya kutoka nje mara moja na kwenda hospitali.

Je, ningoje njia mpya ndipo nikachunguzwe? Usingoje. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, nayo ni miongoni mwa chache zinazozuilika kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi kuanzia umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kipimo cha vinasaba vya virusi vya HPV ndicho kinachopendekezwa zaidi pale kinapopatikana, na pale kisipopatikana, uchunguzi wa asidi asetiki unaendelea kuokoa maisha. Wasichana nao wapelekwe kuchanjwa, kwani chanjo ya HPV hutolewa nchini kote tangu mwaka 2018.

Mhudumu wa afya atakayesikia tangazo la kemikali iliyotengenezwa kwa hewa na umeme ana maswali matatu ya kuuliza: umeme huo umetoka wapi, uniti ngapi zimetumika kwa kila kilo, na usafi wa bidhaa umethibitishwa na nani? Majibu yakiwa wazi, habari hiyo ina uzito. Yakikosekana, chupa ya asidi iliyopo rafuni, yenye tarehe sahihi na kiwango kilichopimwa, inabaki kuwa na thamani kubwa kuliko ahadi.